Kabla ya kununua hema jepesi, lala ndani yake

Kwa safari ndefu ya milimani, usichague hema jepesi kwa kusoma urefu ulioandikwa tu. Lisimamishe, jaza godoro lako upepo, ingia kwenye mfuko wa kulalia, ulale chali. Angalia kama uso na nyayo vinagusa kitambaa. Urefu huo kwa kawaida hupimwa sakafuni, na kuta za hema zimeinama. Godoro likikuinua sentimita 8, nafasi inapungua pande zote mbili. Usiku pumzi yako hugeuka matone ukutani, na mfuko wa manyoya ya bata ukilowa hupoteza joto. Gramu 200 zilizopunguzwa kwenye hema hazina maana tena hapo.

Kama ni la nailoni, acha upana wa kiganja zaidi, maana nailoni ikilowa hulegea. Poliesta hulegea kidogo tu.

Jaribio hili halikuambii lolote kuhusu upepo. Na hema linalosimama kwa fimbo za kutembelea hutegemea vigingi: juu ya mwamba mtupu hakikisha kuna mawe mazito ya kufungia kamba, la sivyo beba linalojisimamia, hata kama ni zito kidogo.