Somo: Kusoma DNA ya maua ya milimani, kutoka Udzungwa hadi Kitulo

Kamwene wote. Wengi mmeuliza kwa nini ua mnalolijua Mufindi mkilikuta Rungwe linakuwa kama ndugu yake tu, si lenyewe, na kama kweli DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, inaweza kueleza kilichotokea. Inaweza. Ila mashine haitakwambia kitu kama majani hayakuchumwa kwa akili, kwa hiyo nusu ya somo hili ni buti na penseli.

Kwanza ramani. Ukiwa kwenye basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, kushoto kwako unaiacha Udzungwa na ukingo wa Mufindi. Ile ni milima ya miamba ya kale sana. Halafu unafika Makambako, wa Njombe na Songea wanashuka, na mbele yako kuna Kipengere, Kitulo, Uporoto na Rungwe. Katikati hapo pana ukanda mkavu usio na msitu wa mvua, na wataalamu wa mimea wanauita Pengo la Makambako. Abiria anabadilisha gari na kuendelea na safari. Mmea wa kwenye ukungu hauna gari.

Hatua ya 1: Chagua mmea unaosafiri kwa shida

Mimi napendekeza Impatiens, yale maua laini ya kando ya vijito ambayo ukigusa tunda lake lililokomaa linapasuka mkononi. Mbegu zinaruka mita chache tu, basi. Linganisha na okidi za Kitulo, ambazo mbegu zake ni kama vumbi na upepo unazibeba mbali. Mmea wa mbegu za vumbi unaweza kuvuka Makambako bila kuacha alama, ila Impatiens ikivuka lazima kuna hadithi.

Hatua ya 2: Andika swali kabla ya kupanda mlima

Swali liwe moja. Kwa mfano: je, mimea ya pande hizi mbili ilitengana zamani sana, au ilikuwa ikikutana hadi juzijuzi? "Juzijuzi" ya milima ni kama miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo dunia ilikuwa na baridi zaidi, mimea ya juu ikateremka mabondeni, na huenda majirani waliotengwa walikutana tena. Joto lilipopanda, kila mmoja akarudi kileleni kwake, akabaki kama yuko kisiwani.

Hatua ya 3: Kibali

Ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa serikali huchumi hata jani moja bila kibali. Anzeni mapema, maana karatasi zinatembea polepole kuliko mbegu.

Hatua ya 4: Kuchuma

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mahali chukua mimea 10 hadi 20, si mmoja. Mmea mmoja ni sawa na kumhoji mtu mmoja stendi ya Mafinga halafu ukatangaza Wahehe wote wanasema hivi. Usichume mimea iliyogusana pia, kwa sababu inaweza kuwa shina moja lililotambaa. Acha hatua kadhaa kati ya mmea na mmea.

Kila mmea, jani moja au mawili machanga yasiyo na ukungu wala mayai ya wadudu. La sivyo utasoma DNA ya kuvu ukidhani ni ua. Litie kwenye bahasha ndogo ya karatasi, bahasha iingie kwenye kopo lenye silika jeli, vile vichembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye vifuko ndani ya boksi la viatu. Jani likauke ndani ya siku moja au mbili. Likikaa na unyevu, linaoza na DNA inakatikakatika.

Andika kwa penseli. Narudia: penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika bahasha zote kwa kalamu ya wino, mvua ya Tukuyu ikanikuta njiani, nikafika nyumbani na majani mazuri makavu 43 yasiyo na jina wala mahali. Nikayatupa yote. Andika namba, tarehe, mahali, mwinuko na vipimo vya GPS vya simu. Halafu kila kituo kausha tawi moja lenye ua, likiwa limebanwa kati ya magazeti, likahifadhiwe kwenye mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa. Siku mtu akisema umekosea jina la mmea, tawi hilo ndilo shahidi wako.

Hatua ya 5: Maabara

Hii wengi mtaipeleka kwa wenye vifaa, kwa hiyo nitapita haraka. Jani linasagwa, linapashwa moto taratibu kwenye mchanganyiko wa CTAB, aina ya sabuni ya maabara, na DNA inatenganishwa na uchafu wa seli. Kisha kipande kinachotakiwa kinanakiliwa kwa PCR, ambapo kila mzunguko nakala zinakuwa maradufu, hivyo baada ya mizunguko 30 nakala moja inaweza kufikia kama bilioni. Vipande vinavyotumika sana ni rbcL na matK vya kwenye kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya seli za jani, ambavyo mwaka 2009 vilikubaliwa kuwa alama za kutambulia mimea, na ITS ya kwenye kiini cha seli, ambayo hubadilika haraka zaidi na kwa hiyo hufaa kwa ndugu wa karibu.

Hatua ya 6: Kusoma mti wa ukoo

Utapata mistari ya herufi A, T, G na C. Programu ya bure kama MEGA inaipanga na kuchora mti. Sasa tazama matawi.

Mimea yote ya Udzungwa ikikaa tawi lake na yote ya Kitulo tawi lake, wameachana zamani. Ile ya Kitulo ikiwa ni kijitawi kilichochomoza ndani ya tawi la Udzungwa, basi kuna wahamiaji wachache waliotoka Udzungwa. Ikichanganyika yote, usishangilie bado: ama bado wanaoana, ama wameachana karibuni mno hata tofauti hazijajengeka.

Kuna utamu mwingine. Katika mimea mingi ya maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama, yaani inasafiri na mbegu. DNA ya kiini inasafiri na mbegu na pia na chavua. Kwa hiyo kloroplasti ikionyesha utengano mkali lakini kiini kikawa kimechanganyika, mbegu zilikwama ila chavua ilivuka, pengine kwa nyuki au ndege chozi aliyefuata maua bonde hadi bonde.

Njia hii si ya nadharia. Mwaka 1995 Knox na Palmer walilinganisha DNA ya kloroplasti ya Dendrosenecio, ile mimea mikubwa yenye vichwa kama kabeji iliyoko Kilimanjaro, Mlima Kenya, Elgon, Rwenzori na kwingineko. Walihitimisha kwamba ukoo ulianzia juu Kilimanjaro, kisha ukaruka mlima hadi mlima na kugawanyika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa biolojia, Njombe: Shikamoo mwalimu. Miaka ya kutengana mnaipataje? DNA haina tarehe.

Marahaba. Kweli haina. Tunahesabu tofauti za herufi na kuzigawa kwa kasi ya mabadiliko, na kasi hiyo hupimwa kwa mabaki ya kale au tukio la kijiolojia lenye umri unaojulikana. Jibu huja kama masafa mapana, kamwe si mwaka mmoja. Angalia pia usifunge hesabu yako kwenye umri wa mlima bila kufikiri. Rungwe ilirusha mawe mepesi, yale yanayoelea majini, karibu miaka 4,000 iliyopita, lakini ua linaloota juu yake leo linaweza kuwa la zamani kuliko hapo, limehamia tu.

Mkulima wa viazi, Uporoto: Mimi naona ni baridi tu. Viazi vyangu vya juu ni vifupi, vya bondeni virefu, na mbegu ni moja.

Mzee wangu, umefanya jaribio ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Mbegu ya kiazi ni kiazi, kwa hiyo DNA ni ileile na tofauti unayoiona ni ya mazingira. Ndiyo maana, mbali na DNA, tunachukua mbegu za maua ya pande zote mbili na kuziotesha kitalu kimoja. Zikifanana, ilikuwa baridi tu. Zikibaki tofauti, zimerithi. Na hapo umenikumbusha: kiazi mviringo kina kromosomu (vifurushi vya DNA) 48, seti nne badala ya mbili. Mimea ya porini nayo hujiongezea seti hivyo, na mara nyingine inakuwa spishi mpya kwa kizazi kimoja bila kutengwa na mlima wowote.

Mwanachama, Tunduma: Chikanda, vile viazi vya okidi vinavyopikwa kuwa chakula, inayovushwa hapa kwenda Zambia, DNA inaweza kusema ni okidi gani?

Inaweza, na imeshafanyika, hata kwenye chikanda iliyopikwa tayari. Kiazi cha okidi kwa macho hakitofautishiki kirahisi, kwa hiyo DNA ndiyo njia. Okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori vilivyo hatarini, na ukichimba kiazi mmea wenyewe umekwisha. Usiende kuchimba kwa kisingizio cha somo hili.

Mwanafunzi wa chuo, Iringa: Kaka, DNA imewahi kubadilisha jina la mmea wa hapa kwetu?

Ua la Usambara, lile linalouzwa kwenye vyungu duniani kote. Liliitwa Saintpaulia tangu 1893. Mwaka 1997 ITS ilionyesha kuwa ni kijitawi tu ndani ya ukoo wa Streptocarpus, na mwaka 2015 likahamishiwa huko rasmi. Wauza maua hawajali, wanaendelea na jina la zamani.

Mwanachama, Mafinga: Silika jeli ikishanyonya maji ndiyo basi?

Hapana. Ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imelowa, ipashe moto mdogo hadi irudi rangi yake, uitumie tena. Ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti, ni sumu, iepuke ukiweza. Na sufuria utakayotumia usiirudishe jikoni.