Bolti za bushi hukazwa gari likiwa limekalia magurudumu

Umeinua Toyota Premio yako kwa springi ndefu kwa sababu ya mashimo ya Kampala? Bolti za bushi (vipande vya mpira vya kwenye maungio) za ami za chini, yaani mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, zishikize tu bila kukaza gari likiwa kwenye jeki. Lishushe, litikise mara tatu nne lijikalie, ndipo uzikaze kabisa, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Bushi ya mpira haizunguki: imegandishwa kwenye bomba la chuma katikati, na bolti inalibana bomba hilo lisisogee. Ukikaza ami ikining'inia, gari likishuka mpira unabaki umejisokota muda wote, na hupasuka mapema hata kama ni bushi mpya halisi kutoka soko la vipuri la Kisekka. Spana haifiki gari likiwa chini? Weka stendi chini ya bodi, kisha pandisha ami kwa jeki karibu na boli jointi (kiungo cha ami upande wa gurudumu) mpaka bodi ianze kuachana na stendi. Ukibadilisha kimo tena, legeza na urudie. Bushi za polyurethane (aina ya plastiki ngumu inayonyumbuka) zinazozunguka kwenye bomba lake hazihitaji hili, zinataka grisi. Na bushi iliyokwisha kuchanika haiponi kwa kukazwa.