Plau au kilimo hifadhi? Hesabu kwanza mabua yako

Kila msimu wa mvua unapokaribia mkoani Dodoma, wakulima wa mtama, uwele na alizeti hujiuliza kama waendelee kukatua shamba lote kwa plau au trekta, au wahamie kwenye kilimo hifadhi, yaani kilimo kisichogeuza udongo, kinachoufunika kwa masalia ya mazao mwaka mzima na kinachochanganya au kupokezana nafaka na mikunde. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuzungumzia jembe, mkulima ajiulize mabua ya mavuno yaliyopita yatakuwa wapi ifikapo Novemba.

Swali hili lina uzito kwa sababu Ugogoni, yaani huku Dodoma kwa Wagogo, ipo desturi ya zamani ya kuberega, ambapo magugu hukwanguliwa juu juu kwa jembe la mkono na mbegu hupandwa kwenye ardhi ambayo haikutifuliwa. Kwa macho tu, shamba lililoberegwa linafanana na la kilimo hifadhi, kwa kuwa yote mawili hayajalimwa, ila moja liko wazi na jingine limefunikwa. Mvua kubwa ya Desemba ikipiga udongo ulio wazi, matone huziba matundu yake na kuacha utando mgumu, kisha maji hutiririka kuelekea korongoni yakiwa na rangi ya udongo wako. Mkulima aliyeacha plau huku mifugo imemaliza mabua yote amerudi kwenye kuberega, na kwa mwaka huo ni afadhali akatue na kuinua matuta yanayokingama mteremko.

Kupima kiasi cha kifuniko hakuhitaji chombo cha kununua. Chukua kamba ya mita 10, piga fundo kila sentimita 10 upate mafundo 100, kisha uitandaze kwa mshazari kukatiza mistari ya mazao na uhesabu mafundo yaliyoangukia juu ya mabua au majani makavu. Rudia sehemu nne au tano za shamba. Kiwango cha chini kinachokubalika katika kilimo hifadhi ni asilimia 30 ya uso wa ardhi, kwa hiyo wastani wa mafundo 30 ni mwanzo mzuri, na ukipata 12, bado hujafika.

Jambo la pili la kukagua liko chini ya ardhi. Udongo ukiwa na unyevu kidogo, chimba shimo la nusu mita na uchomeke kisu kwenye ukuta wake, ukishuka taratibu kutoka juu. Katika mashamba mengi yaliyolimwa kwa kina kilekile miaka nenda rudi, kisu huingia vizuri hadi sentimita 15 au 20, kisha hukwama. Ng'oa na shina la mtama lililo karibu. Mizizi iliyofika kwenye tabaka hilo huwa imepinda kama kiwiko na kutambaa kando. Ukiona hivyo, usianze kilimo hifadhi kabla ya kulivunja tabaka hilo kwa tindo, yaani jembe lenye meno marefu ya kupasua udongo bila kuugeuza, wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu ardhi yenye unyevu hukatwa tu bila kupasuka.

Baada ya hapo, ripa, yaani jembe lenye jino jembamba, inayokokotwa na maksai inatosha kuchana mistari ya kupandia tu, na faida yake kubwa naiona kwenye muda. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi kuna ukavu wa wiki kadhaa kuanzia mwishoni mwa Januari. Anayesubiri mvua ilainishe ardhi ndipo atafute trekta hupanda akiwa amechelewa, na ukavu huo humkuta mtama ukiwa mchanga. Aliyechana mistari mapema hupanda mara mvua za kwanza zinapotosha.

Asiye na maksai anaweza kutumia mashimo ya Chololo, yanayoitwa kwa jina la kijiji cha Dodoma yalikoanzia. Shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, hatua ya sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Ndani huwekwa majivu ya kupunguza mchwa, samadi na masalia, kisha udongo kiasi, ikiachwa nafasi ya maji kutuama. Kazi yake ni nzito na lazima isemwe wazi: kwa nafasi hiyo ekari moja inabeba karibu mashimo 7,500, kwa hiyo mtu anayechimba 150 kwa siku atamaliza siku 50. Anza na robo ekari, na mashimo hayo yatatumika tena misimu inayofuata.

Miaka miwili au mitatu ya mwanzo magugu huongezeka, kwa kuwa plau haiyafukii tena, na palizi isiposimamiwa mapema mavuno hushuka. Mazao pia huweza kuwa na rangi ya manjano, kwani vijidudu vinavyoozesha mabua hutumia naitrojeni ya udongo. Samadi iwekwe karibu na shina, na kunde au fiwi zipandwe kati ya mistari. Katika mbuga zenye mfinyanzi mweusi unaotuamisha maji, sishauri kifuniko kizito. Huko matuta yanafaa zaidi.

Kazi inayobaki ni ya kuongea na watu. Baada ya mavuno mashamba huwa malisho ya wote, na huwezi kumlaumu kijana wa mifugo anayefuata desturi aliyoikuta. Zungumza naye na wazazi wake mwezi wa Juni, kabla ng'ombe hawajaingia. Wagawie sehemu ya mabua, na ile robo ekari uizungushie minyaa ungali unavuna.