Jinsi ya kuomba masahihisho ya tasnifu yaidhinishwe, kwa msaada wa Word

Umeshatetea tasnifu, umepongezwa, na umekabidhiwa kurasa kadhaa za maoni ya watahini. Hapa ndipo wengi hukwama miezi mingi. Mwanafunzi anasahihisha kila kitu, anarudisha tasnifu nzima ikiwa safi, kisha msimamizi anamuuliza: umebadilisha wapi? Mimi niliulizwa hivyo, na jibu pekee nililokuwa nalo ni kumwomba asome upya kurasa zote. Ombi langu likalala. Tangu hapo kila anayeniomba msaada namwambia jambo moja: fanya kila badiliko lionekane lenyewe, bila mtu kulitafuta.

Kabla ya yote, chukua fomu na maelekezo ya ofisi ya shahada za juu ya chuo chako, maana kila chuo kina utaratibu wake na muda wake wa mwisho. Kisha lihifadhi faili lile lile walilosoma watahini na usiliguse tena. Tengeneza nakala yake na uipe jina lenye tarehe, mfano Tasnifu_masahihisho_2025-03-14. Majina kama "mpya" na "ya mwisho kabisa" yatakuchanganya wiki ya pili tu.

Sasa angalia jina. Word huandika jina la mtumiaji kando ya kila badiliko, na ukifanyia kazi stesheneri litatokea jina la mashine ya pale. Msimamizi akikuta sura ya nne imesahihishwa na "User" au "hp", ana haki ya kuuliza ni nani huyo. Nenda File, Options, General, uandike jina lako kwenye User name.

Baada ya hapo fungua Review na ubofye Track Changes, kitufe cha kurekodi kila badiliko, au bonyeza Ctrl+Shift+E. Anayetumia LibreOffice abonyeze Ctrl+Shift+C. Chagua All Markup ili uone kinachotokea: maneno unayoongeza yanapigiwa mstari chini, unayofuta yanakatwa lakini yanabaki yakisomeka. Kama kazi inapita kwa mpiga chapa, tumia Lock Tracking iliyo chini ya kitufe hicho cha Track Changes na uweke nywila, ili asiweze kuuzima urekodi hata kwa bahati mbaya.

Fuata maoni ya watahini kwa mpangilio wao, hoja baada ya hoja. Kila unapomaliza hoja, weka koment pembeni kwa Ctrl+Alt+M: "Mtahini wa nje, hoja ya 4". Inachosha, najua, lakini koment hizo ndizo zitakazokujazia jedwali la masahihisho baadaye. Picha na michoro inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ukibadilisha ramani au grafu usitegemee alama za programu zieleze kilichobadilika. Andika kwenye koment ulichoondoa na ulichoweka.

Na kama umeshasahihisha kurasa mia bila kuwasha chochote? Usikate tamaa, na usianze upya. Kwenye Review kuna Compare. Mpe Word faili la watahini kama la awali na lako kama lililosahihishwa, naye atatengeneza faili la tatu lenye tofauti zote. Hutapata historia ya lini ulibadilisha nini, ila tofauti zenyewe utazipata. Ndiyo sababu nilisisitiza lile faili la kwanza lisiguswe.

Msimamizi akiridhika, hifadhi nakala yenye alama kama ilivyo, kisha uitumie kutengeneza nakala safi. Hapa watu hukosea sana. No Markup, iliyo kwenye orodha moja na All Markup, huficha alama tu, haiziondoi. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, mistari yote na zile koment zinaweza kujitokeza mbele ya mtahini. Kwenye nakala safi, bofya mshale chini ya Accept, uchague Accept All Changes and Stop Tracking, kisha ufute koment zote. Hapo ndipo usasishe yaliyomo: Ctrl+A, halafu F9. Ukisasisha yaliyomo wakati urekodi umewashwa, kurasa za mwanzo zitajaa alama zisizo na maana kwa yeyote.

Jedwali la masahihisho lijazwe kwa namba za kurasa za nakala safi, kwa kuwa alama husogeza kurasa. Safu nne zinatosha: mtahini, hoja yake, ulichofanya, mahali. Andika kwa ukamilifu: "Mtahini wa ndani, idadi ya watoa taarifa haioani na Jedwali 3.1, imesahihishwa kutoka 120 kuwa 112, uk. 49, aya ya 2." Neno "imefanyika" peke yake halimsaidii msomaji. Usipokubaliana na hoja fulani, usiiruke. Eleza sababu kwa adabu baada ya kushauriana na msimamizi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, ipitie kwa msimamizi: "K.K. Msimamizi wa Tasnifu. YAH: OMBI LA KUIDHINISHIWA MASAHIHISHO YA TASNIFU." Taja jina lako, namba ya usajili, mada na tarehe ya utetezi, kisha orodhesha viambatisho: nakala yenye alama, nakala safi, jedwali, na fomu ya chuo iliyosainiwa. Ukipeleka kwa mkono, beba nakala mbili za barua, na usiondoke pale masjala kabla yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.