Kobe wako anang'ata? Soma hii kabla hujamgusa na fagio

Wadau mnaofuga kobe nyumbani, hii yenu. Kila siku mtu analalamika oo kobe wangu kawa mkali, kamng'ata mtoto, nataka nimgawe. Tulia kwanza. Kobe hana kisasi na wewe, hakumbuki kwamba juzi ulichelewa kumpa majani. Ananing'inia kwenye kidole chako kwa sababu kuna kitu mbele ya mdomo wake kakidhania chakula, au kamuona dume mwenzie, au kuna mahali panamuuma. Basi. Na ili ujue ni kipi, usiangalie alivyokufanya, angalia nini kilikuwa kinaendelea sekunde chache kabla.

Nianze na vidole maana hapo ndo kesi nyingi zilipo. Kobe anaona rangi vizuri sana, na nyekundu na njano zinamvuta kuliko zingine, kwake hiyo ni tunda limeiva au ua. Sasa dada umetoka saluni Sinza, kucha za miguu nyekundu zinang'aa, umevaa ndala zako unaanika nguo uani, yule bwana yuko chini ya kamba anaona vinyanya kumi vinapita, ulitegemea afanyeje? Watoto wenye ndala za njano nao hivyo hivyo. Jaribu hivi: kesho pita palepale ukiwa umevaa viatu vya kufunika, vyeusi. Akikupotezea, ujue ugomvi ulikuwa na rangi, sio na wewe.

Meno hana kabisa, ila kingo za mdomo wake ni ngumu na zina makali, ndo anazokatia majani. Kobe mdogo anafinya tu, lakini wale wakubwa wa mabakamabaka wanachana ngozi na damu inatoka, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe naye peke yake.

Halafu kuna hii tabia ya kumlisha mkononi, ambayo mimi siipendi hata kidogo. Najua inapendeza kwenye video, ila unamfundisha kwamba mkono ukija na chakula kimekuja, siku mkono ukija mtupu na unanuka embe anaukata tu. Mwekee chakula juu ya kigae, ule upande wa nyuma usioteleza, kinamsaidia na kusaga mdomo usirefuke. Mpe asubuhi akishaota jua: nyasi, mchunga, matembele, mpungate uliotolewa miiba, maua ya haibiskasi. Matunda kidogo tu, mara moja moja. Ugali na wali achana navyo, hata kama anakula, na mara nyingi atakula. Kama lazima mtoto amlishe, ashike bua refu la jani yeye akae huku mwisho. Hata ukienda Changuu kule Zanzibar kwa wale kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli walioletwa mwaka 1919, ukipewa majani uwalishe fanya hivyohivyo maana mdomo wa yule sio mchezo.

Sasa madume. Dume utamjua kwa mkia mrefu na tumbo lililobonyea kwa ndani. Ukiweka madume wawili kwenye kauwa kamoja ka Tabata hapo umetafuta vita, watagongana magamba, watang'atana miguu ya mbele, na mmoja atajaribu kumpindua mwenzie, na kobe akiachwa chali juani anakufa, watu wanachukulia utani hii. Usikae kuwapatanisha, watenganishe na kizuizi wasichoweza kuona upande wa pili, matofali yanafaa, wavu haufai kwa sababu wataendelea kuonana na kugombana. Dume na jike wakiwa wawili tu nako kuna shida, jike anasumbuliwa kutwa, anang'atwa miguu, anaacha kula. Mpe pa kujificha au mtenge.

Kama kobe alikuwa mpole miaka yote halafu ghafla akishikwa tu anang'ata, mimi nawaza maumivu. Angalia mdomo haujarefuka ukapinda, hamna usaha wala harufu ndani, pua haitoi mapovu, miguu haijavimba. Hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo, usimkate mdomo mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Na gamba ni mfupa ulio hai, lina mishipa ya fahamu, kwa hiyo wanaolitoboa wafunge waya ili asipotee wanamuumiza kweli kweli. Ila ule mlio wa "hsss" ukimnyanyua usiuhesabu kama ukali, ni hewa inatoka mapafuni anavyovuta kichwa ndani kwa haraka.

Kingine nisisahau, kobe wetu wa porini yuko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wa kuokota barabarani Bagamoyo ukamleta Mbezi bila kibali ni kosa. Ulizia TAWA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Sasa ameshakung'ata na hataki kuachia. Usivute! Ukivuta ndo anakaza na ngozi inachanika. Mteremshe chini miguu yake iguse ardhi, tulia, akijiona salama wengi wanaachia. Akigoma, mtie yeye na mkono wako kwenye beseni la maji ya kawaida, kidogo tu. Ukishatoka osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kadhaa, maana kobe wanabeba salmonela, bakteria wanaoleta kuharisha, hata wakionekana wazima. Kama kimechanika au kinavimba nenda zahanati uulizie na sindano ya pepopunda. Kichaa cha mbwa usiwaze, ule ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha, kobe hana.