Namna ya Kupima Utendaji wa Mikono ya Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Upimaji huu huanza kwa macho. Mtoto aliyetanguliwa na kunyooshwa vidole hukakamaa na kulia, na siku hiyo hutaona tena jinsi anavyoitumia mikono yake.

Hatua ya kwanza ni kumketisha vizuri: nyonga zimetulia, nyayo zimekanyaga, na meza iko usawa wa viwiko. Mtoto anayepigania asianguke huutumia mkono kujishikiza, nasi tukadhani hauwezi kazi.

Hatua ya pili, mpe kazi inayodai mikono miwili. Mimi hupendelea kumenya yai la kuchemsha. Tazama kama mkono dhaifu unalishika yai, unalikandamiza mezani kwa ngumi, au unakaa kando kabisa; kama vidole vinafunguka kabla ya kulifikia; kama kidole gumba kinatoka kiganjani. Tazama sana anavyoachia, kwa sababu wapo wengi wanaoshika vyema lakini hawawezi kuachia mpaka wakunje kifundo cha mkono.

Hatua ya tatu, muulize mama au mlezi: ugali anaulaje, na vifungo vya shati la shule hufungwa na nani? Majibu hayo yatakuongoza kumpanga katika mfumo wa MACS, wenye ngazi tano (I hadi V) za uwezo wa mikono, uliochapishwa na wataalamu wa Sweden mwaka 2006 kwa watoto wa miaka 4 hadi 18. Wa ngazi ya I hushika vitu kwa urahisi, wa III huhitaji kuandaliwa kazi, wa V hashiki kitu. Ngazi hufuata yale anayoyafanya kila siku kwa mikono yote pamoja, si lile aliloliweza mara moja mbele yako.

Hatua ya nne ndiyo ya kugusa. Kunja kifundo kuelekea kiganjani, nyoosha vidole, kisha inua kifundo vidole vikiwa vimenyooka. Kano zinazokunja vidole hupita hapo, hivyo zikiwa zimevutika vidole hujikunja. Fanya kwa haraka, kisha taratibu: misuli iliyokakamaa tu hulegea ukienda taratibu, lakini iliyofupika hailegei.

Hatua ya tano, ambayo kwa maoni yangu husahauliwa mno, ni hisia. Funika mikono kwa khanga, umpe ufunguo, kijiko au sarafu akitaje kwa kupapasa tu, akianza na mkono wenye nafuu ili auelewe mchezo; asiyeweza kusema aonyeshe kinachofanana mezani. Mkono usiotambua kilichomo kiganjani mtoto huuacha, hata kama una nguvu, na mazoezi yake lazima yaanzie hapo.