Kupika bia ya mtindo wa Kölsch nyumbani, yenye harufu ya machungwa

Kölsch ni bia ya mji wa Köln kule Ujerumani, nyepesi, rangi ya dhahabu, kilevi kama asilimia 4.8 hivi, na inawachanganya watu kwa sababu hamira yake ni ya ale (bia zinazochachuka kwenye joto kuliko laga) lakini ikishachachuka inalazwa kwenye baridi kama laga. Kwao wanaimimina kwenye glasi nyembamba ya mililita 200 tu, na mhudumu, wanamwita Köbes, hata hakuulizi, glasi ikiisha anakushushia nyingine na kuchora kamstari kwenye kile kikadi cha kuwekea glasi, ukitosheka unafunika glasi na kikadi, ukisahau kufunika shauri yako. Jina nalo lina wenyewe, viwanda vya kule vilisaini mkataba wao 1986 na Umoja wa Ulaya ukalilinda 1997, kwa hiyo hii ya kwetu ya jikoni tuiite tu mtindo wa Kölsch.

Sasa kuhusu hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, hasa zile zenye harufu ya matunda. Mi mara ya kwanza nilimwaga gramu 200 za hopsi aina ya Citra kwenye lita 20 nikajiona fundi, nyumba nzima ikanukia maembe, ila ukionja ni kama juisi chungu, ile bia laini ya chini huisikii kabisa. Hamira ya Kölsch inatoa harufu yake ndogo ya tufaha au peasi, ndogo kweli, ukiipigia kelele inanyamaza. Ndo maana siku hizi natumia hopsi za Kijerumani zilizotoka 2012 kwenye kituo cha utafiti cha Hüll, pale Hallertau, eneo la mashamba ya hopsi: Mandarina Bavaria (chenza na chungwa) na Huell Melon (tikiti lile lenye nyama nyeupe, na stroberi kwa mbali). Mama yao ni Cascade ya Marekani ila wametoka wapole kuliko mama.

Vitu vya kununua kwa lita 20: kimea cha pilsner (kimea cheupe cha shayiri) kilo 4, kimea cha ngano gramu 300, Mandarina Bavaria gramu 70, Huell Melon gramu 55, na hamira kavu ya Kölsch pakiti moja ya gramu 11 hivi, iwe LalBrew Köln au SafAle K-97, yoyote kati ya hizo. Kimea kisagwe kwa kupasuliwa tu, kisiwe unga. Sufuria iwe ya lita 36 au zaidi, na mfuko wa kitambaa cha wavu unaoenea humo.

Pasha moto maji lita 28 mpaka nyuzi 69, tumbukiza mfuko, mwaga kimea huku unakoroga na mwiko kusiwe na madonge, joto litashuka lenyewe mpaka 66 hivi, funika, zungushia blanketi, acha saa moja. Wale mliokulia kwenye togwa mtaijua hii harufu mara moja, ni jambo lile lile tu, kimea kinageuza wanga wake kuwa sukari, na hayo maji matamu nitayaita togwa mpaka mwisho wa maelezo haya. Ukizidisha nyuzi 68 bia itakuwa nzito mdomoni, na Kölsch inatakiwa iwe kavu, yaani isibaki na utamu wa sukari, imalizike safi. Kisha nyanyua mfuko, ukamue kiasi, machicha wape kuku.

Chemsha togwa saa moja bila mfuniko. Narudia, bila mfuniko, kimea cha pilsner kina kitu kinachotoka na mvuke na ukikifungia humo bia inanuka mahindi ya kuchemsha. Likianza tu kutokota weka Mandarina gramu 15, hizo ni za uchungu. Halafu usiweke kingine chochote! Hapa ndo wengi wanaharibu, mafuta ya harufu yanaruka na mvuke, ukitupia hopsi za matunda dakika ya 30 umelipia uchungu tu. Zima moto, pooza mpaka nyuzi 80, ndo utie Mandarina gramu 25 na Huell Melon gramu 25, koroga taratibu, subiri dakika 20, kisha pooza haraka mpaka 16. Mi nilikuwa naweka sufuria kwenye beseni la barafu, ilinichukua saa nzima na mgongo unauma, nikaja kununua koili ya shaba ya kupitishia maji baridi.

Kuanzia hapa kila kitu kinachogusa togwa kiwe kimepita kwenye dawa ya kuua vijidudu, usije ukaonja na kijiko cha ugali ukakirudisha. Mimina kwenye ndoo kwa fujo ili ipate hewa, pima na haidromita (kifaa kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyomo), isome kama 1.046, nyunyiza hamira, funga.

Joto ndo kila kitu kwenye bia hii. Nyuzi 16 mpaka 17, siku saba hivi, kisha iache ipande 19 ili hamira imalizie. Ukiiacha 24 utapata ndizi na ukali wa kileo, na hopsi zako nzuri hazitaokoa kitu. Vyumba vya chini vya Ulaya mwezi wa tatu vinatosha vyenyewe, lakini kwa mtu wa Dar au Mombasa bila friji ya zamani yenye kidhibiti joto sikushauri hata uanze (na uulize kwanza sheria ya ulipo inasemaje, Ujerumani mpikaji wa nyumbani anatoa taarifa forodha na tangu 2024 anaruhusiwa lita 500 kwa mwaka bila kodi).

Haidromita ikikaribia 1.010 weka hopsi zilizobaki, gramu 30 za kila aina, kwenye mfuko safi, siku tatu basi, zikikaa wiki mbili bia inaonja majani. Hizi hopsi zina vimeng'enya vinavyoamsha uchachukaji upya, kwa hiyo usifungashe mpaka kipimo kisimame pale pale siku tatu mfululizo, chupa zikipasuka kabatini siyo mchezo. Kisha shusha baridi mpaka nyuzi 2, wiki moja. Hamira ya Kölsch ni mbishi kutulia chini, jelatini nusu kijiko cha chai iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto inasaidia kusafisha.

Fungasha bila kurusha rusha maana hewa sasa ni adui, sukari gramu 120 kwa lita 20, chupa zikae wiki mbili kwenye nyuzi 19 ndo ziingie friji. Hapa kuna mvutano, Kölsch inapenda kulala baridi muda mrefu na harufu ya matunda inapenda kunywewa mapema. Mi nimechagua wiki mbili za friji. Chupa moja niliisahau miezi minne, ilikuwa safi kama kioo, kavu, tamu kunywa, ila chenza ilishaondoka. Wakati wa kumimina acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa, hapo ndo hamira ilipolala.